Mizani ya weupe katika mwanga mchanganyiko, Temeke

Mizani ya weupe ni marekebisho ya rangi yanayofanywa na kamera ya dijitali, au na programu ya kuhariri picha, ili kitu cheupe kitoke cheupe na cha kijivu kitoke kijivu, taa iliyokiangaza iwe ya rangi yoyote. Wapiga picha wa Dar es Salaam huiita waiti balansi. Mwanga ukitoka kwenye chanzo kimoja, kazi hiyo ni nyepesi na kamera yenyewe huimudu. Ugumu huanza pale taa za aina mbili au zaidi zinapoangaza sura moja, hali iitwayo mwanga mchanganyiko. Kwa kawaida kamera hutumia hesabu moja kwa picha nzima. Ikisahihisha upande wa balbu ya njano, upande wa dirishani hugeuka bluu. Ikisahihisha dirisha, upande wa balbu hukolea rangi ya chungwa.

Temeke ni manispaa ya kusini mwa jiji la Dar es Salaam, yenye maeneo mashuhuri kama Mbagala, Tandika, Keko, Chang'ombe, Mtoni na Kurasini. Picha za kulipia hupigwa sana huko kwenye shughuli za watu: harusi, sendofu, kicheni pati, mahafali, maulidi na mechi za mpira. Shughuli hizo huanza jua likiwa bado lipo na huisha taa zikiwa zimewashwa, kwa hiyo mwanga mchanganyiko ndiyo hali ya kila siku ya kazi. Kanuni inayofaa kushikwa ni hii: punguza kwanza aina za mwanga, halafu pima weupe kwenye mwanga unaoangukia uso. Kubonyeza vitufe vya kamera huja baada ya hapo.

## Joto la rangi

Rangi ya mwanga hutajwa kwa kelvini (K), kizio kilichopewa jina la mwanafizikia William Thomson, Lord Kelvin (1824–1907). Msingi wake ni kitu cheusi kinachopashwa moto: kwanza huwa chekundu, kisha cha njano, kisha cheupe, na joto likizidi sana huelekea bluu. Max Planck alitoa kanuni ya hisabati ya mng'ao huo mwaka 1900. Hivyo namba ndogo ni mwanga wa chungwa au njano, na namba kubwa ni mwanga wa bluu, ingawa kwa mazoea watu huita njano rangi ya joto na bluu rangi ya baridi.

Vyanzo vinavyokutana sana katika picha za Temeke vina viwango hivi vya kukadiria:

- Mshumaa na kibatari: 1900 K
- Taa za barabarani za sodiamu: 2000 K
- Balbu ya waya: 2700 hadi 2900 K
- Halojeni: 3000 hadi 3200 K
- Tyubu: 4000 hadi 6500 K, kutegemea aina
- Jua la mchana na flashi: 5200 hadi 5600 K
- Anga la mawingu: 6000 hadi 6500 K
- Balbu nyeupe za LED za majumbani: mara nyingi 6500 K
- Kivuli chini ya anga la bluu: 7000 hadi 8000 K, wakati mwingine zaidi

Hatua za kelvini hazilingani machoni. Tofauti kati ya 2700 K na 3200 K huonekana wazi, ilhali kati ya 6500 K na 7000 K ni shida kuigundua. Ndiyo maana watengenezaji wa vichujio na jeli (karatasi za plastiki za rangi zinazowekwa mbele ya taa) hutumia miredi, yaani milioni moja ikigawanywa kwa kelvini. Hatua ya kwanza kati ya hizo mbili ni miredi 58, ya pili ni miredi 11 tu, ingawa zote ni kelvini 500. Kosa dogo kwenye taa za njano huharibu rangi zaidi kuliko kosa lilelile kwenye mwanga wa mchana.

Kelvini huonyesha mhimili mmoja tu, ule wa bluu na chungwa. Upo mhimili wa pili, wa kijani na majenta, unaoitwa tinti kwenye kamera na programu. Ndani ya tyubu kuna mvuke wa zebaki unaotoa mstari mkali wa kijani kwenye nanomita 546, na ndiyo sababu picha za ofisini na madukani huwa na ukijani usioondoka kwa kubadili kelvini peke yake. LED nyeupe kwa kawaida ni diodi ya bluu iliyofunikwa fosfori ya njano, na zile za bei ya chini hupungukiwa wekundu. Ubora wa taa katika kuonyesha rangi hupimwa kwa alama za CRI, zilizowekwa na Tume ya Kimataifa ya Mwangaza (CIE) mwaka 1965, na upeo wake ni 100. Balbu nyingi za nyumbani hupata karibu 80. Taa nzuri za picha hupata 95 na kuendelea. Alama hiyo ni wastani wa rangi nane zisizokolea sana. Wekundu uliokolea hupimwa kando kwa jina la R9 na haumo katika wastani. Kwa ngozi ya kahawia R9 ni jambo kubwa: taa ikiukosa wekundu huo, uso hufifia na kuelekea kijivu, na mizani ya weupe haiwezi kurudisha rangi ambayo taa haikuitoa.

## Jinsi kamera inavyohesabu

Jicho na ubongo wa binadamu huzoea rangi ya mwanga bila mtu kujua. Mwaka 1902 Johannes von Kries alieleza mazoea hayo kuwa ni kupanda na kushuka kwa usikivu wa kila aina ya chembe za kuona rangi. Kamera huiga jambo hilohilo. Sensa nyingi zimefunikwa kwa mpangilio wa vichujio alioubuni Bryce Bayer wa Kodak na kupewa hataza mwaka 1976: nusu ya vichujio ni kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kuweka mizani ya weupe ni kuzidisha nyekundu na bluu kwa namba fulani hadi kitu cha kijivu kipate thamani sawa katika rangi zote tatu. Chini ya balbu ya njano, bluu ni haba na hulazimika kuzidishwa sana, ndiyo maana picha za ukumbini huwa na chengachenga nyingi zaidi kwenye bluu.

Mizani ya otomatiki haijui kitu cheupe ni kipi, hukisia. Mojawapo ya makisio ya zamani ni kwamba rangi zote za picha zikichanganywa hutoa kijivu. Kisio hilo huanguka pale rangi moja inapotawala. Mfano wake uko Miburani, kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 ukiwa na nafasi ya watazamaji wapatao 60,000. Mpiga picha akielekeza lenzi kwenye jukwaa lililojaa jezi nyekundu za timu ya Simba, kamera inayokisia hivyo huona wekundu umezidi na kusukuma picha upande wa samawati; akigeukia jukwaa la njano na kijani la Yanga, husukuma upande mwingine. Taa za uwanja hazikubadilika, lakini picha mbili za dakika moja hazifanani. Dawa ni kufunga kelvini kwa mkono kulingana na taa na kuacha rangi za mashabiki zibaki zilivyo.

## Mazingira ya mwanga Temeke

### Jioni

Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, likipishana kwa nusu saa hivi tu kati ya msimu na msimu, na machweo yenyewe hudumu kama dakika 20. Katika muda huo anga huwa bluu nzito, taa za barabarani na za madukani huwaka, na rangi ya picha hubadilika kila baada ya dakika chache. Mizani iliyopimwa saa 12 kamili haifai tena saa 12 na dakika 40.

### Chini ya turubai

Shughuli za mtaani, kuanzia kumtoa mwali hadi matanga, hufanyika chini ya maturubai. Turubai jeupe hutawanya mwanga vizuri na halibadili rangi sana. Turubai la bluu, la kijani au jekundu hugeuka kuwa kichujio: hupitisha rangi yake na kuzuia nyingine. Pembeni huingia mwanga safi wa jua unaodunda kwenye mchanga na kwenye kuta zilizopakwa rangi. Watu wa katikati huwa na rangi ya turubai, wa pembeni huwa na rangi ya mchana. Hapo hakuna namba ya kelvini itakayowatendea haki wote wawili. Suluhisho ni kuwasogeza wanaopigwa picha hadi ukingoni, nyuso zikielekea nje, au kutumia flashi iliyo na nguvu ya kulishinda turubai.

### Ukumbini

Ukumbi wa harusi huwa na tabaka kadhaa za mwanga kwa pamoja: tyubu au LED nyeupe darini, balbu za njano kwenye mapambo ya meza kuu, taa za rangi zinazomulika vitambaa vya ukutani, taa ya mpiga video ya karibu 5600 K, na flashi ya mpiga picha. Taa za zambarau na za bluu za mapambo zimekusudiwa kuwa na rangi, na hazitakiwi kusahihishwa. Kinachotakiwa ni kuzizuia zisiwafikie maharusi usoni. Mara nyingi kusogeza kiti mita moja na nusu kutoka ukutani kunatosha.

### Fremu na karakana

Keko inafahamika kwa mafundi samani, na samani nyingi sasa huuzwa kwa picha za simu. Mninga una rangi ya kahawia yenye wekundu, na wekundu huo ndio mteja anaoulipia. Kabati likiwekwa ndani ya fremu ya duka yenye LED ya 6500 K huku mwanga wa mchana ukiingia mlangoni, upande mmoja hutoka na ukijani na mwingine wa kahawia, na mteja anayeletewa mzigo nyumbani hudhani amebadilishiwa mbao. Njia ya uhakika ni kulitoa kabati nje kwenye kivuli kisicho karibu na ukuta wa rangi kali, kuzima taa ya ndani ikiwa inaonekana, na kupima weupe palepale.

### Umeme

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo tyubu na LED nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kasi ya shata ikiwa 1/500 au zaidi, picha hunasa kipande tu cha mpepeso: moja hutoka angavu, inayofuata hafifu na yenye rangi tofauti, au huwa na mistari ya giza. Kasi ya 1/50 au 1/100 hukusanya mpepeso mzima na kuituliza rangi. Umeme mdogo nao una athari yake. Balbu ya waya ikipungukiwa volti kwa asilimia 10, joto lake la rangi hushuka kwa asilimia 4 hivi, na mwanga wake huzidi kuwa wa chungwa. Umeme ukikatika na taa za chaji zikawashwa, upimaji wote uanze upya.

## Njia za kupata weupe sahihi

### Kupunguza vyanzo

Hatua ya kwanza haihitaji kifaa chochote: zima taa isiyo na kazi. Chumbani anakovalishwa bibi harusi, dirisha kubwa peke yake hutoa mwanga bora kuliko dirisha pamoja na balbu. Pazia likifungwa na balbu zikabaki, nako ni sawa, mradi chanzo kiwe cha aina moja. Picha ya mwanga mmoja uliofifia inarekebishika kirahisi. Ya taa tatu kali zisizopatana hula saa nzima ya uhariri na bado haitulii.

### Kulinganisha flashi na taa

Pale taa zisipozimika, flashi hufanywa ifanane nazo. Jeli ya chungwa, inayouzwa kwa jina la CTO, huibadilisha flashi ya 5500 K hadi karibu 3000 K, sawa na balbu na halojeni. Nusu ya CTO huifikisha kati ya 3400 na 3800 K kutegemea mtengenezaji, na robo huifikisha karibu 4500 K. Kwa tyubu zenye ukijani hutumika jeli ya kijani. Baada ya hapo kamera husetiwa kwa mwanga wa ukumbi, na uso pamoja na mandhari ya nyuma hutoka katika familia moja ya rangi. Bila jeli, kamera ikisetiwa kwa flashi, ukumbi hugeuka chungwa. Ikisetiwa kwa ukumbi, maharusi hugeuka bluu.

Uwiano wa flashi na taa za ukumbi hutawaliwa pia kwa shata. Shata ya 1/50 huruhusu taa za ukumbi ziingie kwa wingi. Shata ya 1/200, pamoja na ISO ndogo, huzipunguza hadi flashi itawale na rangi iwe ya chanzo kimoja. Mpiga picha asiye na jeli anaweza kutegemea njia hii kwa picha za meza kuu, akikubali kwamba nyuma kutakuwa na giza zaidi.

### Kupima kwa kadi

Kadi ya kijivu hushikwa mahali uso utakapokuwa, ikitazama kamera, ikiangazwa na mwanga uleule wa uso. Hupigwa picha ikijaza sehemu kubwa ya fremu, kisha kamera huelekezwa kuitumia picha hiyo kama kielelezo. Kosa la kawaida ni kushika kadi karibu na kamera: hapo kinachopimwa ni mwanga wa mpiga picha, na uso wa bibi harusi aliye mita tano mbele una mwanga mwingine. Kila watu wanapohama kutoka chumbani kwenda mlangoni, na kutoka mlangoni kwenda ukumbini, upimaji hurudiwa.

Karatasi nyeupe, shela na kanzu mpya havifai kuwa kielelezo. Karatasi na sabuni nyingi za kufulia zina ving'arisha vinavyopokea mionzi ya urujuanimno na kutoa mwanga wa bluu. Kanzu inayoonekana nyeupe pepe mchana hutoka na ububluu kidogo kwenye picha. Ukiisahihisha iwe nyeupe kamili, uso wa aliyeivaa huwa wa njano kupita kiasi. Kadi yenye vipande 24 vya rangi, iliyotolewa na kampuni ya Macbeth mwaka 1976 kwa jina la ColorChecker, ina vipande vya kijivu na pia vipande viwili vilivyokusudiwa kufanana na ngozi, na huifundisha programu rangi nyingine zaidi ya kijivu.

### Kuhifadhi faili la RAW

Faili la RAW huhifadhi kilichopokewa na sensa kabla ya kuzidishwa, hivyo mizani ya weupe inaweza kubadilishwa baadaye bila hasara. Faili la JPEG limekwisha kupikwa: rangi iliyokatwa hairudi. Kwa shughuli za mwanga mchanganyiko, RAW pamoja na picha moja ya kadi katika kila eneo ndiyo bima ya kazi. RAW hata hivyo haiwezi kutenganisha taa mbili zilizokwisha kuchanganyika usoni.

## Ngozi nyeusi na historia ya kipimo

Studio za kale za pwani, kama Capital Art Studio iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930 na Ranchhod T. Oza, zilianza na picha nyeusi na nyeupe, ambazo hazikuhitaji mizani ya weupe. Filamu ya rangi ilikuja na mizani iliyofungwa kiwandani, ya mchana au ya taa za 3200 K, na maabara za kusafishia picha zilirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa rula. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, alichapisha mwaka 2009 uchambuzi wa jinsi kadi hizo zilivyowaacha watu weusi na nyuso zisizo na maumbo wala rangi halisi. Katika miaka ya 1990 Kodak ilitoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Mwaka 2021 Google ilitangaza Real Tone kwenye simu za Pixel 6, ikiwa ni pamoja na kurekebisha mizani ya otomatiki kwa ngozi nyeusi, na Tecno imejijengea soko Afrika kwa kamera zilizorekebishwa kwa ajili hiyo.

Ngozi nyeusi ina sababu yake ya kifizikia ya kuudai mwanga safi. Mng'ao wa juu ya ngozi, kwenye paji la uso, pua na mashavu, hubeba rangi ya taa yenyewe, na kwa kuwa ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kutoka ndani yake, mng'ao huo huonekana zaidi. Taa ya bluu kulia na ya njano kushoto huacha madoa mawili ya wazi kwenye uso mmoja. Poda isiyong'aa na taa iliyolainishwa kwa kitambaa cheupe hupunguza madoa hayo kabla picha haijapigwa. Anayeshughulikia sura za watu ana wajibu hapa: picha ya harusi itatazamwa na wajukuu, na mama aliyekuwa na weusi wa kung'aa hapaswi kukumbukwa akiwa wa kijivu.

## Uhariri

Programu kama Lightroom hurekebisha mizani ya picha nzima kwa kubofya kadi, kisha huruhusu brashi ya kupaka mizani tofauti sehemu kwa sehemu. Utaratibu unaofaa ni kuusahihisha uso kwanza, kunakili marekebisho kwa picha zote za eneo hilo, halafu kupunguza ububluu au uchungwa wa nyuma kwa brashi. Skrini iwe imekalibriwa au angalau mwanga wake wa usiku uwe umezimwa. Njia za kikompyuta za kukadiria mchanganyiko wa taa kwa kila pikseli zimechunguzwa kwa muda mrefu. Kazi ya Eugene Hsu na wenzake ya mwaka 2008 iliweza kutenganisha aina mbili za taa katika mandhari zenye rangi chache.

## Usahihi na makusudi

Usahihi wa kipimo una mahali pake. Picha ya pasipoti, ya bidhaa, ya kidonda hospitalini au ya nguo ya kuuzwa inahitaji rangi halisi. Picha ya usiku wa maulidi inaweza kubakizwa na unjano wa taa zake kwa kuseti kelvini 300 hadi 500 juu ya kipimo, ili mtazamaji aujue usiku huo kuwa usiku. Tofauti ya makusudi na ajali huonekana kwenye mfululizo: mpiga picha aliyekusudia ana rangi moja katika picha zote za eneo moja.

Kwa kuwa taa za shughuli ziko mikononi mwa watu wengi, sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla kamera haijatolewa mkobani. Mpiga picha, mpiga video, mpambaji na mwenye ukumbi wakikubaliana mapema kuhusu aina ya taa ya meza kuu, swichi zitakazozimwa na taa za rangi zitakazoelekezwa ukutani, mwanga mchanganyiko hubaki wa aina mbili badala ya tano, na taa za aina mbili, kwa jeli moja na kadi moja, zinapatanishika.